Nimegeuka mhasibu wa gita, raha imepotelea wapi?

Shikamoo Mjomba Nyuzi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, nakaa Mtopanga, kazi yangu ni ofisi ya kutolea watu mizigo bandarini. Mwaka jana mwezi wa nane nilinunua gita la umeme la mkono wa pili kwa jamaa aliyekuwa anahama, elfu 14 pamoja na kispika chake, na nililinunua kwa sababu moja tu, bluzi. Tulikuwa tumekwama kwa foleni ya Changamwe na bosi wangu akaweka B.B. King, yule mpiga gita wa bluzi, kwa simu, huyo mzee akapiga noti moja, moja tu mjomba, ikalia kama mtu, nikasema hii lazima niijue kabla sijafa.

Basi nikaingia na bidii kama mtu anayesomea mtihani wa fom fo. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nakaa na metronomu ya simu, ile ya kuhesabu mipigo, mpaka saa kumi na mbili na nusu ndo nioge niende kazini. Nina daftari nimelipiga mistari, Jumatatu skeli ya pentatoniki (ile ngazi ya noti tano) maumbo yote matano, Jumanne kubendi, yaani kusukuma uzi upande mpaka noti ipande, Jumatano kupiga piki juu chini, mpaka Jumapili imejaa, na kila siku naandika spidi niliyofika. Nilianza mipigo 60 kwa dakika sai niko 132. Liki, vile vipande vifupi vya solo, nimehifadhi kama 70 hivi kutoka YouTube, kila moja na namba yake.

Sasa mwezi wa tatu shemeji yangu alikuwa na kashughuli ka mtoto kwao Tudor, watu wameshakula wameshiba, mtu akasema si mwatwambia huyu ni mpiga gita, hebu mleteeni gita atupigie. Nikaletewa gita la kawaida lile la mbao. Nikapiga skeli, juu, chini. Watu wakatulia wakingojea wimbo uanze. Nikapiga liki moja, nikapiga nyingine, nikapiga ya tatu, zikaisha. Kimya. Kuna mtoto hapo wa miaka kama sita akamuuliza mamake, "Ashamaliza kulirekebisha?" Mjomba nilitamani mkeka unimeze. Kurudi nyumbani mke wangu hakusema kitu ila siku mbili baadaye akaniambia polepole kwamba nikipiga gita ni kama namskia karani wa godauni anahesabu magunia.

Nikasema potelea mbali, naacha ratiba napiga kwa raha zangu. Wiki mbili nikapiga chochote kinachokuja, nikajikuta narudia vile vile vitu vitatu, halafu moyoni najihisi mwizi, kama nimetoroka kazi. Nikarudi kwa daftari. Sai daftari silipendi na raha yenyewe siioni, gita lanitazama tu hapo ukutani nilipolitundika. Na juu ya hayo nina jirani, mzee mstaafu wa bandarini, nikianza tu yuwanigongea ukuta, to! to!, basi siku hizi natumia hedifoni.

Swali langu, mtu agawanye vipi? Nusu mazoezi nusu raha? Ama skeli niziache kabisa? Na jambo jengine, nikibendi vidole vyaniuma vibaya, uzi wa tatu ni kama navuta sengenge, hiyo ni kawaida ama vidole vyangu havikuumbiwa gita?

Wako,
Mhasibu wa Gita, Mtopanga


Marahaba mwanangu, na pole kwa ya Tudor. Huyo mtoto simjui lakini ana sikio kuliko walimu wako wote wa YouTube, nitamrudia.

Nianze na vidole kwanza maana hapo naona kuna mchezo. Barua yako nimeisoma mara mbili natafuta mahali umesema umebadilisha nyuzi na sijapaona. Gita umelinunua mwezi wa nane, la mkono wa pili, nyuzi ulizikuta nazo, na umelitundika ukutani Mtopanga. Mwanangu hapa ni Mombasa. Hewa hii ina chumvi na unyevu, bawaba za mlango zaoza, feni yaoza, itakuwa uzi mwembamba wa chuma unaoshikwa kila siku na mikono ya jasho? Pitisha kidole chini ya uzi wa kwanza na wa pili, zile nyembamba kabisa, upande ule usiouona. Ukiskia kama msasa basi ni kutu, na kutu ndo inakukwangua kidole ukibendi na ndo inafanya noti isikae sawa. Hapo hata B.B. King mwenyewe angekasirika.

Nenda dukani uombe seti ya 9, maana yake uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.009. Hiyo ndo laini ya kawaida kwa gita la umeme na yabendika bila vita. Ulizonazo hapo zaweza kuwa 11 na wewe hujui. Na usije ukadanganywa na vijana wanaokwambia Stevie Ray Vaughan, yule mpiga bluzi wa Marekani, alitumia seti ya 13, yule alikuwa akilishusha gita lake nusu toni, na hata hivyo vidole vilimchanika mpaka alikuwa akivibandika kwa gundi. Sisi hatutaki gundi, twataka raha. Kisha mpelekee fundi akutazamie nyuzi zimekaa juu kiasi gani, pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni mwa gita) pakiwa na nafasi kama milimita 2 hivi ni sawa, zikiwa juu sana utavuta mpaka bega. Ukimaliza kupiga pangusa nyuzi na kitambaa kikavu, kila siku, na gita lirudi kwa begi lake, ukutani hapo walipa chumvi bure.

Na ukibendi usivute kwa kidole kimoja. Kidole cha pete ndo kinashika uzi, cha kati na cha shahada vinakaa nyuma yake kwa uzi ule ule, vyote vitatu vinasukuma pamoja na mkono unazunguka kama wafungua kitasa. Kidole peke yake hakina nguvu hiyo.

Haya. Sasa tuje kwa kidonda chenyewe.

Wewe waniuliza ugawe vipi saa na nusu yako, nusu huku nusu kule, kama mtu agawanyaye mirathi. Lakini barua yako yote, mwanangu, skeli zimo, liki 70 zimo, spidi 132 imo, piki juu piki chini imo, na wimbo haumo. Hata mmoja! Umekuna nazi mwaka mzima, umechuja tui, umepima mchele mara mia, na wali hujapika. Halafu washangaa kwa nini watu wa Tudor hawakushiba. Mtoto aliuliza kama umemaliza kulirekebisha kwa sababu ulichopiga kilikuwa ndo hicho, matayarisho. Na mkeo pia hakukutukana, mtu anayepanda na kushuka noti moja moja kwa metronomu yuwahesabu kweli, magunia ama noti ni hesabu tu.

Nafahamu kwa nini watu wafika hapo, manake wimbo waweza kukuaibisha. Skeli haikuaibishi, kila siku unaongeza mipigo miwili unaandika namba unajihisi unaenda mbele. Wimbo una mwanzo, una mahali unaharibika, una watu wanaoujua. Kwa hivyo mtu ajificha kwa skeli na kusema yuwajitayarisha. Najua kwa sababu mimi nimefanya hivyo.

Miaka ya themanini nilichukuliwa na bendi ya hoteli moja huku pwani ya kaskazini, hoteli yenyewe siitaji. Nilikuwa nimeshakaa chumbani na kaseti mwaka mzima, nikijiona moto, solo zote nazijua. Kiongozi wa bendi akanipa gita la rithimu, lile la kusindikiza tu, na akanambia ukipiga solo hata moja nakata mshahara wako. Miezi minne! Usiku sita kwa wiki, Jambo Bwana kila usiku kwa sababu Them Mushrooms walikuwa wameitoa 1982 na mtalii hakubali kulala bila hiyo, kisha wazee wa Kijerumani waomba rokenroli za zamani. Na rokenroli nyingi za zamani, wajua ni nini? Ni bluzi ya baa 12, yaani vipande 12 vya mipigo minne minne, iliyokimbizwa. Nilizipiga hizo baa 12 mpaka nikawa naziota. Wiki za mwanzo nilichukia, nilikuwa napotea, naingia kodi ya pili (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) mapema, watu wa bendi wanageuka kunitazama. Mwezi wa tatu hivi nikajiskia nimelegea, mguu wacheza wenyewe, nacheka na mpiga besi huku mkono waendelea. Mwezi wa tano nikaruhusiwa solo na nikagundua zile solo zangu za chumbani nyingi sizihitaji, noti nne zatosha.

Kwa hivyo dawa yangu kwako ni hiyo hiyo, ila mshahara sikukati.

Wimbo wako wa kwanza ni bluzi ya A, baa 12 (si zile za Mtwapa), kodi tatu tu, na ni kodi za gita si za landilodi. A7 baa nne. D7 baa mbili, rudi A7 baa mbili. Halafu E7 baa moja, D7 baa moja, A7 baa moja, na ya mwisho E7 ya kukurudisha mwanzo. Usianze na kodi nzima, anza na nyuzi mbili mbili. Kwa A, uzi wa tano uache wazi, uzi wa nne ushike freti ya 2, piga mara mbili, kisha ongeza kidole freti ya 4 kwa uzi huo huo wa nne, piga mara mbili, rudi freti ya 2. Ndo hiyo tu. Ukitaka D, umbo lile lile lihamishe chini, uzi wa nne wazi na wa tatu freti ya 2 na 4. Ukitaka E lihamishe juu, uzi wa sita wazi na wa tano freti ya 2 na 4. Mkono haubadiliki, wahamisha nyumba tu. Na usipige kwa kunyooka kama askari, bluzi yachechemea, piga la kwanza refu la pili fupi, daa-da daa-da, kama tuktuk yenye gurudumu bovu. Bila kuchechemea huko si bluzi ni gwaride.

Ukienda mwendo wa 72, raundi nzima ya baa 12 ni sekunde 40. Raundi kumi ni chini ya dakika saba. Yaani kabla mahamri hayajaiva umeshapiga wimbo mzima mara kumi, na kila raundi una nafasi ya kukosea na kujirekebisha bila kusimama. Usisimame! Ukikosea endelea, ikamate kodi inayofuata, hapo ndo shule ilipo. Utajua umefika siku mkeo atakuuliza waenda sokoni ama huendi, na wewe ukamjibu huku mkono haujapoteza baa.

Sasa lile swali lako la kugawa. Mimi sigawi. Asubuhi wafungua na wimbo, vidole bado baridi, raundi kadhaa, na wasikiliza wapi pamekukwaa. Labda baa ya 9 hapo E7 wachelewa kila mara, labda kutoka D kurudi A mkono watafuta njia. Hapo wasimamisha wimbo, wachukua kale kapande peke yake, E7 kwenda D7 kwenda A7, dakika kumi ama kumi na tano, hayo ndo mazoezi na hapo uwe mkali, uwe mhasibu kabisa sikukatazi. Kisha warudi kwa wimbo uone kama kumepona. Kukipona utaskia raha ambayo hata daftari halina mstari wake. Kusipopona, kesho ipo. Yote hiyo dakika 40, na saa na nusu alfajiri kila siku kwa mtu anayekwenda kushinda na makaratasi ya bandari ni kujitesa, siku moja kwa wiki lala bwana.

Kwa hivyo skeli usiache, ila isubiri iitwe. Daftari pia usilichome. Lile jedwali la spidi lirarue, badala yake andika kilichokukwaa. "Baa ya 9 nimechelewa." "Bendi ya uzi wa tatu haifiki." Baada ya wiki tatu utasoma na kuona vingine vimepotea, na hayo maendeleo yanaskika, hata mtoto wa miaka sita atayaskia. Spidi ya 132 ni ya nini, nani alikuwa anakufukuza? Ile noti iliyokukamata Changamwe haikuwa na haraka.

Ukishaweza baa 12, jirekodi kwa simu. Raundi kumi, rithimu tupu. Weka simu juu ya meza ianze kucheza, na wewe sasa piga solo juu yake. Hapo tena patamu, manake yule anayekupigia rithimu ni wewe, na kama alikuwa anakimbia ama analegea utajua papo hapo na hutakuwa na wa kumlaumu. Lakini nakupa sharti, wiki ya kwanza noti tatu tu. Uzi wa pili freti ya 5 na ya 8, na uzi wa tatu freti ya 7. Basi. Utaona kifungo lakini wewe ulipojipa uhuru wote zile wiki mbili si ulirudia vitu vitatu vile vile? Vidole ni kama punda wa Lamu, ukimwachia kamba hendi kutembea mji, aenda pale pale anapolishwa kila siku. Ndo maana "kupiga chochote" kulikuchosha haraka kuliko hata skeli. Ukiwa na noti tatu huwezi kujificha nyuma ya spidi, itabidi uchague lini upige na lini unyamaze.

Na kunyamaza ndo nusu ya kazi. Tafuta vidio za B.B. King za Kinshasa 1974, lile tamasha la pambano la Muhammad Ali na Foreman, tazama mkono wake. Yule mzee hakuwa akipiga gita huku akiimba. Aimba mstari, anyamaza, gita lajibu. Aimba tena, gita lajibu tena. Kama mwimbaji wa taarabu anapomaliza ubeti na fidla zikaingia. Wewe liki zako 70 ni majibu sabini, na hakuna aliyeuliza.

Kwa hivyo uliza. Imba. Usinambie huna sauti, bluzi yataka ukweli tu wa shida, na shida hapa zipo nyingi. Mashairi yake ni mepesi, mstari mmoja, wausema tena, wa tatu ndo wajibu. Mimi hunyosha vidole na hii:

Nimefika Likoni, feri ndo yaondoka,
Wallahi nimefika Likoni, feri ndo yaondoka,
Na wewe ulosema wanisubiri, ushalala umechoka.

Kila mstari wachukua baa nne, maneno yaishia kama baa ya pili na nusu, na ile nafasi inayobaki ndo ya gita kujibu. Hapo ingiza noti zako tatu. Andika yako ya foleni ya Changamwe, kontena limekwama, bosi, nini na nini. Muimbie mkeo jikoni. Akicheka umeshinda.

Kuna jambo moja zaidi sitaki ulikose kwa sababu wewe ni mtoto wa pwani na hawa walimu wa mtandaoni hawatakwambia. Ile skeli ya pentatoniki ya A uliyonayo, kuna noti ya C, uzi wa tatu freti ya 5. Ukiipiga kavu kavu yasikika sawa lakini haijakolea. Wapiga bluzi huisukuma kidogo tu, haifiki C shapu, ile noti ya freti inayofuata, yakaa katikati hapo pasipo na freti. Watu wageni huhangaika miaka kuiskia. Wewe umeikulia! Udi hauna freti, na maqam ya rasti, ile ngazi ya noti ya Kiarabu, ina noti yake ya tatu inayokaa hapo hapo katikati, si huku si kule. Kama umewahi kukaa harusini ama barazani ukamskia Zein l'Abdin na udi wake basi sikio lako lishaijua, ni kidole tu hakijaambiwa. Simaanishi kuwa bluzi na taarabu ni kitu kimoja, kila moja ina kwao, bluzi ni ya watu weusi wa Mississippi na mashamba ya pamba na ina historia yake nzito. Nasema tu hapo usitumie metronomu wala daftari, funga macho sukuma uzi mpaka moyo ukwambie basi.

Lakini bendi kubwa ile ya toni nzima hiyo ifanyie kazi kweli kweli, hiyo haina huruma. Uzi wa pili freti ya 5 piga, iskize, hiyo ni E. Sasa uzi wa tatu freti ya 7, hiyo ni D, isukume mpaka ilie sawa sawa na ile ya kwanza. Rudia. Ikibaki chini ni sauti ya paka, ikipita juu ni paka aliyekanyagwa. Dakika tano kila siku kwa miezi, hakuna njia ya mkato na haina raha yoyote mpaka siku itakapokubali. Hivi vitu vipo na sitakudanganya kuwa vyote vitakuwa starehe. Nina rafiki yangu, twajuana toka ujana, yeye ni mtu wa raha tu, hajawahi kukaa na gita kufanya zoezi hata moja. Ana nyimbo zake tatu miaka kumi na tano sasa, watu wampenda, akishika gita shughuli yachangamka, na akibendi noti zake zote ziko chini. Juzi aninong'oneza kuwa zile nyimbo zake mwenyewe zishamchosha ila hajui aanzie wapi kutoka. Mngekutana nyinyi wawili mngesaidiana sana.

Manake hilo pia lakukosa, mtu. Bluzi ya peke yako chumbani saa kumi na moja na hedifoni masikioni ni upweke wa kujitakia. Tafuta yeyote, kijana anayepiga besi kanisani, jamaa mwenye kahoni, hata mtu wa kupiga debe kwa mkono. Mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, viazi karai hapo katikati, bluzi ya A mpaka mchoke. Siku hiyo hakuna kufundishana.

Na metronomu nakuachia lakini igeuze. Badala ya kuiweka 72 iweke 36, na ile to... to... ihesabu kuwa ni mpigo wa pili na wa nne, mpigo wa kwanza na wa tatu ujaze mwenyewe kwa mguu. Siku ya kwanza utaitukana. Ikishakukaa gita lako litaanza kucheza, maana kwenye bluzi makofi yaangukia hapo, la pili na la nne.

Kwa shemeji yako Tudor rudi, ila ngoja mpaka umeimba ile ya kontena mara nyingi. Na wakikupa tena gita la mbao usibendi sana, nyuzi zake nzito, piga rithimu uimbe.

Kuhusu huyo mzee wa ukutani. Wewe wasema yuwakereka lakini hujamuuliza. Toa hedifoni, si alfajiri tafadhali muonee huruma, jioni baada ya magharibi, piga zako baa 12 polepole kisha uskize ukuta. Akigonga ovyo ovyo, muombe radhi. Akigonga la pili na la nne, mpelekee kahawa umuulize alipigia bendi gani.

Mjomba Nyuzi